Kibuyu Kilikuwa cha Nani?

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kilichokula mtama, kikanywa mtama, kikalala kikiota mtama. Mwaka mmoja mtama ulizaa mpaka mabua yakainama. Watu wakafurahi. Wakafurahi mapema.

Ndege wakaja. Prrrrr! Wakatua. Prrrrr! Wakaruka. Walipotua palikuwa na masuke, waliporuka palikuwa na makapi. Watu wakapiga kelele, wakarusha mawe kwa kombeo, sauti zikawakauka. Ndege wakainuka, wakatua shamba la jirani. Njaa ikaanza kunukia.

Watu wakaitana. Huyu akasema, "Tuibuni dawa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa!" Yule akasema, "Mwachieni mtu mmoja. Fahali wawili hawakai zizi moja!" Wote walisema kweli. Ndiyo maana hawakusikilizana.

Basi alikuwepo Bibi Nhonya, kikongwe ambaye kijiji kizima kilimwendea kwa shauri. Siku ile hakutoa shauri. Alimshika mkono Sechelela, mwanamke aliyeshona vibuyu vilivyopasuka, akampeleka nyumbani kwake.

"Mjukuu wangu, buni kitu cha kuwafukuza ndege."

"Nibuni na nani, Bibi?"

"Na nafsi yako."

Bibi akavuta mlango, akaketi nje, fimbo magotini. Aliyekuja kuchungulia alionyeshwa fimbo.

Ndani, Sechelela alikata kibuyu, akatoboa, akapuliza. Fyuu. Akatupa. Akatoboa kingine, akapuliza. Fyuu. Akatupa. Vidole vikachanika. Mara kibuyu kimoja, alichokitia ulimi wa tete, kikalia: Kwiiii! Mwewe kabisa! Kuku wa uani wakakimbilia chini ya ghala. Sechelela akacheka peke yake. "Kumbe dawa ni utulivu," akajisemea. "Watu wangenivuruga tu."

Akakipeleka shambani, akakitundika juu ya nguzo ndefu. Upepo ukavuma. Kibuyu kimya. Ndege wakaja, na mmoja akatua juu ya kibuyu chenyewe, akajikuna.

Sechelela akarudi analia. "Bibi, nifungie tena. Nitakirekebisha."

Bibi Nhonya akakichukua kibuyu bila kuomba, akaenda nacho uwanjani, akaita watu, akakiweka mbele yao wote. "Kishikeni. Semeni."

"Bibi! Si wewe uliyewafukuza watu kwa fimbo?" akauliza Sechelela.

"Ni mimi."

"Na leo?"

"Leo ni mimi vilevile."

Sechelela hakuelewa. Uso ulimwaka moto alipoona mikono ya watu ikikigeuzageuza kibuyu chake. Mzee Matonya, aliyezeekea kwenye kazi ya kulinda mashamba dhidi ya ndege, akasema, "Umekitundika juu mno. Upepo wa shambani hupita chini, kwenye masuke." Mama Mbeleje akakipuliza, akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani, kinapiga mluzi kama mume wangu anavyokoroma! Mwanzo nilikuwa nashtuka. Siku hizi hata simsikii."

Watu wakaangua kicheko. Kisha kila mtu akapata la kusema. "Kitieni kengele!" Wakatia. "Kivisheni ngozi!" Wakavisha. "Kiongezeeni pembe!" Wakaongeza. Wakapuliza. Bwoooo. Kama ng'ombe mwenye mafua.

Bibi Nhonya akagonga fimbo chini. "Basi! Kila mtu kwake!"

"Lakini Bibi, wewe ndiye uliyetuita!"

"Niliwaita. Sasa nendeni."

Wakaondoka wakitazamana. "Bibi amezeeka," wakanong'onezana. Sechelela naye aliwaza hivyohivyo. Akaingia ndani, kichwa kinavuma kama mzinga wa nyuki. Akakivua ngozi, akang'oa pembe, akaitupa kengele. Alitaka kuyasahau maneno yao yote. Lakini lile la kukoroma likagoma kutoka. Mwanzo nilikuwa nashtuka. Siku hizi hata simsikii.

Akasimama ghafla. Na ndege je? Si watazoea vilevile?

Akachukua kibuyu kikubwa, na cha kati, na kidogo, kila kimoja akakitia ulimi wake, kilie sauti yake. Akavifunga shambani, chini, usawa wa masuke.

Ndege wakaja. Prrrrr! Upepo ukapita. Kwiiii! Kwoooo! Kwi-kwi-kwi! Kundi likageuka angani kama shuka inayokung'utwa, likaenda zake.

Mtama ukavunwa. Siku ya kula, ugomvi ukazuka.

"Hii ni akili ya Sechelela!"

"Ya Sechelela? Ni yangu!" akasema Mama Mbeleje. "Mume wangu ndiye aliyekoroma!"

"Na upepo nani aliusema?" akafoka Mzee Matonya.

Wakamgeukia Sechelela. "Sema wewe. Kibuyu ni chako?"

Akafungua kinywa aseme ndiyo. Akamwona Mama Mbeleje. Akataka kusema hapana. Akaviona vidole vyake vyenye makovu. "Sijui," akasema. "Kweli kabisa, sijui."

Wakamgeukia Bibi Nhonya.

"Wala mimi sijui," akasema Bibi Nhonya. "Nipakulieni ugali, unapoa."

Bibi Nhonya alikufa, na ubishi ukabaki. Nusu ya kijiji huapa kwamba alifundisha mtu abuni peke yake, maana walimwona mlangoni na fimbo. Nusu huapa kwamba alifundisha watu wabuni pamoja, maana walimwona uwanjani na kibuyu. Wote waliona kwa macho yao. Sechelela, alipokuwa mzee, akiulizwa, alitikisa kichwa: "Mara alinifungia, mara alinifungulia. Nilimkasirikia mara zote, na mtama tuliula."

Enyi wenzangu, wazo lina saa ya kufungiwa ndani na saa ya kutolewa uwanjani. Saa ipi ni ipi? Hapo ndipo anapohitajika Bibi Nhonya, na Bibi Nhonya hatunaye.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye kujua zaidi, aibebe.