Kitanda Namba Kumi na Saba

Hapo zamani, siyo ile ya mazimwi, zamani hii ya watu wenye simu, palikuwa na chuo cha ualimu kilichojengwa kwa wasichana arobaini. Bweni moja, vitanda arobaini, waya za umeme za kutosha watu arobaini. Wakaja sitini, wakapokelewa. Wakaja themanini, wakapokelewa. Geti likapakwa rangi, ukumbi ukawekwa vigae. Kitanda hakikuongezwa hata kimoja!

Basi wasichana wakaanza kubebana: mwenye kitanda anamlaza asiye nacho, kichwa huku, kichwa kule. Ilikuwa marufuku, na kila mtu alijua.

Tumsime, mwenye kitanda namba kumi na saba, alimbeba Nyamizi. Asubuhi moja ya wiki ya mtihani wa mwisho, Tumsime akaamka anatetemeka kwa homa. Nyamizi akachomeka hita ya maji amkorogee uji. Hita nayo marufuku. Soketi ikalia pah! Moto ukashika pazia, ukashika godoro, bweni lote likaungua. Watu walitoka wazima.

Siku tatu baadaye, Mkuu wa Chuo akawaita wasichana hao wawili na matroni wa bweni, Mama Sekela. Akaweka mezani barua ya kufukuza. Chini palikuwa na jina lake mwenyewe Mkuu na saini. Juu, mahali pa jina la mfukuzwaji palikuwa wazi.

"Bodi inataka mtu mmoja. Jazeni wenyewe. Kengele ya mtihani ikilia pakiwa wazi, mnaondoka wote watatu."

Akatoka. Zilibaki dakika kumi.

"Hita ulichomeka wewe," akasema Tumsime.

"Kwa ajili ya nani?"

"Nilikuomba uji mimi?"

"Ungeombaje, shoga? Meno yalikuwa yanagongana!"

"Miaka miwili nimekubeba. Ubavu wangu unaujua ukuta kuliko godoro. Leo nifukuzwe kwa wema?"

"Na mimi nimebakiza karatasi mbili niwe mwalimu. Mama, wewe hita uliiona."

"Niliiona, nikanyamaza," akasema Mama Sekela. "Kubebana nilijua, nikanyamaza. Mngelala wapi? Ila soketi kutoa cheche sikunyamaza. Nilimwandikia Mkuu mara tatu. Akanijibu nisitie watu hofu."

"Basi jiandike wewe, umeshakula chumvi nyingi," akasema Nyamizi.

"Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, mwanangu. Nikifukuzwa leo, miaka ishirini na tisa nimemfanyia nani kazi?"

Saa ya ukutani inagonga. Nyamizi akachukua kalamu. Akaweka kidole mwishoni mwa barua, kwenye saini ya Mkuu.

"Mbona jina moja lipo tayari? Nikilipandisha juu?"

"Usithubutu! Tutaondoka wote!" akasema Mama Sekela.

"Andika!" akasema Tumsime.

Koridoni viatu vya mpiga kengele vikasikika, ko, ko, ko.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, msinijibu "wote". Nafasi ni ya jina moja, na kalamu iko mkononi. Je, aandike la nani?