Mti wa Picha Hauna Kivuli

“Mti wa picha hauna kivuli,” Bibi Nafue aliwaambia wajukuu zake waliokuwa wakisukumana wapigwe picha na mche mmoja. Wakamuuliza maneno hayo yametoka wapi.

“Hapahapa Kizungo,” akasema. “Nayo yalizaliwa hivi.”

Kizungo ni kijiji cha milima ya Upare. Mama mmoja wa hapo, Nakijwa, alikuwa na mtoto mgongoni na shamba la maharage lililonyweshwa na ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na wazee. Wachoma mkaa walikuwa wameuacha mlima uchi, na kila mvua ilisomba udongo ikaumwaga ndivani. Maji yakapungua, maharage yakanyauka. Nakijwa alijua ndiva ikifa, mwanawe atalala njaa.

Kila mwaka, siku ya mazingira, magari yalipanda mlima. Maofisa wa misitu walikuja, shirika la kupanda miti likaja na fulana za kijani, wanakijiji wakaimba. Mgeni anashika mche, anatabasamu, anapigwa picha, anakula pilau, kwaherini! Hakuna aliyerudi na hata kopo la maji.

Mwaka huo Nakijwa aliitwa kuchimba mashimo. Jembe likaibua mche wa mwaka uliopita, mkavu kama mwiko, mizizi yake ingali imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Damu ikamchemka.

“Mama, shimo tayari?” ofisa akauliza. “Mpiga picha anasubiri.”

“Tayari, baba, ila lina mwenyewe.” Akamwinulia ule mche. “Huu ni wenu. Mliuzika, hamkuupanda.”

Watu wakacheka. Ofisa akakunja uso. “Sisi tunalinda msitu. Miche ni ya shirika.”

“Sisi tunaleta tu,” akadakia binti wa shirika. “Kumwagilia ni kazi ya wananchi.”

“Nasi wananchi,” mwenyekiti wa kijiji akasema, “tunasubiri maelekezo.”

“Maelekezo!” Nakijwa akafoka hata mtoto akashtuka mgongoni. “Mbuzi wako alisubiri maelekezo alipotafuna miche, mwenyekiti? Mkaa mnaopikia pilau hiyo umetoka wapi kama si mlimani? Kila mtu ananyoosha kidole, na mlima unahamia ndivani! Haya, pigeni picha zenu. Lakini mti wa picha hauna kivuli!”

Mzee mmoja akachukua baragumu, akapuliza wito wa msaragambo, kazi ya pamoja. Kwa desturi ya pale, baragumu likilia hakuna mgeni wala mkubwa. Aliyelisikia anashika jembe. Basi ofisa akakunja suruali, binti akachana mifuko, mwenyekiti akabeba ndoo. Pilau ikapoa.

Wakapatana kabla ya kuachana: maofisa wawazuie wachoma mkaa, shirika lirudi kila kiangazi kuikagua miche, wanakijiji wafunge mbuzi na kumwagilia. Safari hii baragumu liliwaita kila walipozembea. Mlima ukavaa tena, na ndiva ikashika maji.

Mpaka leo, fulana mpya zikishuka garini Kizungo, hakosi mtu wa kusema, bila hata kupandisha sauti: mti wa picha hauna kivuli.