Fundo la Ishirini

Paukwa! Pakawa. Mmeitikia kinyonge, lakini nitawasimulia tu, maana hii hakuna anayeijua kunishinda mimi.

Zamani za kale, karibu na bahari, palibaki kipande kimoja cha msitu. Mfalme Chembea alitaka kukifyeka apande minazi. Watu wakamlilia, akatoa sharti: jua likifika utosini, wamthibitishie kuwa humo mna aina ishirini za ndege. Ikipungua hata moja, mashoka.

Akatumwa Mbeyu, mwanamke mwenye masikio kuliko ninyi nyote hapa. Kila sauti mpya, fundo moja kwenye kamba. Akaenda, akasikiliza, akafunga. Akaenda, akasikiliza, akafunga. Akaenda, akasikiliza, akafunga, mpaka mafundo yakatimia ishirini.

Akiwa anatoka, akamwona ndege Kurumbiza tawini. Ndege huyo akalia kama njiwa, akalia kama hondohondo, akalia kama tiva. Mbeyu akaitazama kamba yake.

"Ewe Kurumbiza, asubuhi ulikuwa wewe?"

"Nani mwingine? Mimi nawaweza wote."

Akamuuliza amejifunzia wapi. Kurumbiza akajigamba kwamba njiwa na hondohondo ni majirani zake humu humu, ila tiva alimsikia kwenye msitu wa ng'ambo ya mto, ule uliokatwa mwaka jana. Humu tiva hayumo.

Hakuna aliyewasikia wakizungumza. Mbeyu angeweza kunyamaza. Wewe hapo ungenyamaza, nakujua. Yeye akaenda ukingoni mwa msitu alikosimama mfalme, akasema ukweli, akafungua fundo moja. Kumi na tisa.

Mfalme akatazama juu. Vivuli vilikuwa vimebaki urefu wa kidole. Wanaume wakashika mipini.

Mbeyu akageukia mtini, Kurumbiza alikokuwa amemfuata. "Kaka yangu, wewe mwenyewe sijakuhesabu. Sauti yako sijawahi kuisikia."

Kurumbiza akafungua mdomo, akatoka njiwa. Watu wakaguna. Akafungua tena, akatoka hondohondo. Shoka la kwanza likainuliwa.

"Yangu ni ndogo," akasema kwa haya. "Watanicheka."

"Imba hiyo hiyo."

Akafumba macho, akafungua mdomo mara ya tatu. Kikatoka kimluzi chembamba, kinayumba kama mtoto anayejifunza kutembea. Hakuna aliyewahi kukisikia. Hakuna aliyecheka.

Mfalme akauliza huyo ni ndege gani. Mbeyu akafunga fundo la ishirini. Alipomaliza akamkabidhi kamba, na mashoka yakarudi nyumbani mabegani.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye tamu zaidi aje akae nilipokaa, tumwone.