Mgongo wa Sanduku la Shaba

Hapo zamani, katika mji ambao watu wake walipenda kesi kuliko ngoma, Sultani aliletewa sanduku la shaba lenye kunena. Waandishi wakalisomea hukumu zote za mji, za haki na za dhuluma, nalo likazishika bila kubagua. Ikawa kitu kikipotea, sanduku huulizwa, nalo humtaja mwizi.

Basi chetezo cha fedha kikapotea kasrini. Sanduku likamtaja Machano, mchota maji wa Mtaa wa Tope, na ikaamriwa akatwe mkono alasiri ileile.

Jirani yake Mwinjuma, fukara asiye na kazi ila maneno, akaja barazani. "Ewe sanduku, kwa nini Machano?"

"Wengi waliohukumiwa walitoka mtaa wake."

"Hata mimi natoka huko," akasema Mwinjuma. "Kilichonizuia kuiba ni uvivu." Watu wakacheka. "Bwana wangu, kwa desturi yetu shahidi huvua nguo, akaweka mgongo wazi mbele ya kiboko, ndipo akanena; akisema uongo, huchapwa. Na huyu avue."

Sultani akaghadhibika. "Mpumbavu we! Shaba ina mgongo? Litafutie basi kabla ya adhana, ama mkono wako utaufuata wa Machano."

"Labeka, bwana wangu. Ningetoa wangu, lakini umezoea viboko hata hauogopi tena uongo. Waziri je?"

Waziri akakumbuka kuwa ana jipu mgongoni. Kadhi akakumbuka safari.

"Basi sanduku hili ni la nani?" akauliza Mwinjuma.

"Langu!" akasema Sultani.

Kukana mbele ya watu hakuweza, wala kuvunja desturi ya babu zake. Akavua joho. Akakitazama kiboko, akakiona kirefu kuliko siku zote. Akaliuliza sanduku kwa upole, "Una hakika ni Machano?"

"Nadhani ni yeye."

"Unadhani! Mgongo wangu u wazi, nawe wadhani?"

"Siku zote nadhani, bwana wangu. Hukuniuliza."

Sultani akajicheka mpaka machozi. Halafu akawakumbuka waliokwishakatwa mikono, kicheko kikamkauka. Akaamuru Machano afunguliwe, na sanduku lisisikilizwe tena pasipo mtu wa kulitolea mgongo. Hakupatikana hata mmoja.

Mwinjuma akatunukiwa joho. Akalivaa, akatembea kwa maringo hadi langoni, walinzi wakamkamata.

"Mtu wa Mtaa wa Tope, joho la Sultani? Mwizi!"

"Ningekuwa mlinzi," akasema Mwinjuma, "nami ningejikamata."

Ikabidi Sultani atoke mwenyewe, kifua wazi, kumtolea ushahidi.