Kwa Nini Herufi i ya Taipureta Ina Miguu

Hapo kale, kila herufi ya chapa ilichukua nafasi kwa kadiri ya mwili wake. M ilijitanua kama mgeni aliyetandikiwa mkeka, nayo i, nyembamba kama mwiba, ilipenya popote. Maneno yaliachana hapa, yakabanana pale, na hakuna aliyeona ubaya.

Katika mji wa Ukingoni aliishi Mwanakombo, mchongaji wa herufi za mti. Karani wa liwali alizipaka wino na kuzipigia chapa hukumu zote za mji. Ikatokea mdogo wake Mwanakombo, jina lake Faki, akasingiziwa kuchoma ghala la nafaka. Liwali alisikiliza kesi, akaona hana hatia, akaagiza iandikwe: Faki aachwe. Lakini Faki hakurudi nyumbani. Dada yake alipouliza, akaambiwa hukumu ndiyo iliyomfunga.

Miezi saba alipeleka chakula gerezani. Mwishowe mlinzi akamhurumia, akamwonyesha karatasi. Ilisomeka: Faki asiachwe. Mwanakombo alizitambua herufi zake mwenyewe. Katikati ya a mbili, s na i zilikuwa zimechomekwa kwenye uwazi mdogo, wino wake mweusi zaidi. Akaipeleka karatasi kwa liwali, naye aliyakumbuka maneno yake. Karani akakiri kwamba yeye ndiye aliyemsingizia Faki, na ndiye aliyeziongeza herufi zile mbili.

Faki alitoka siku ile ile, ila miguu, iliyofungwa pingu miezi saba, haikumbeba tena.

"Usijilaumu, dada," alisema. "Mkono haukuwa wako."

"Mkono haukuwa wangu," Mwanakombo akajibu, "lakini upenyo niliuchonga mimi."

Akaanza upya. Alikata vipande vya mti vyenye upana mmoja, kila herufi na kipande chake. M ilibidi ikunje miguu. I ndiyo iliyomtesa: katika nafasi ile pana ilionekana kama inaanguka, na ubavuni mwake bado palibaki upenyo. Alichonga akatupa, akachonga akatupa. Asubuhi moja akamwona Faki uani akijifunza kusimama, ametanua nyayo, mkono ukutani. Akarudi kwenye patasi, akaipa i wayo mpana chini na kijitawi juu. Ikasimama, ikajaza nafasi yake. Akazipa nyayo na nyingine.

Liwali alimwita karani, akamwamuru mbele ya watu achomeke tena s na i kwenye hukumu iliyopigwa chapa kwa herufi mpya. Zikapanda juu ya wenzao, na hata wasiojua kusoma wakaona.

Ndiyo maana mpaka leo herufi za taipureta zina upana mmoja, zimesimama moja chini ya nyingine kama mahindi shambani. Tunazikuta kwenye mikataba, kwenye majedwali, hata kwa waandishi wa programu za kompyuta, ambao nukta moja iliyozidi huwaharibia kazi nzima. Wapo wanaosema hazina urembo. Mwanakombo hakuwa akitafuta urembo.