Chumba cha Chavua

"Chumba kisicho kwenye ramani, mwenye nyumba hukibomoa mwenyewe." Mmemsikia mkuu wa maabara akimwambia hivyo yule mtaalamu mpya wa kompyuta, mkatazamana, kwa sababu hapa hakuna anayejenga nyumba. Sasa mnataka kujua msemo umetoka wapi. Haya, malizieni chai zenu na mniache niseme bila kunikatiza, maana kizazi chenu kinapenda kufika kabla ya kuondoka. Methali hii ilianza hivi.

Maabara yetu hupima asali. Warina asali wa misitu ya miombo huleta vichupa vyao, nasi tunapima unyevu, tunatazama rangi, tunaandika. Miaka ile mtunza kumbukumbu za vipimo alikuwa binti mmoja aitwaye Nyamizi, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa kicheko. Alipoanza kazi alikuta vurugu tupu. Kila mpimaji ana faili lake, huyu kaandika "unyevu", yule kaandika "maji", wa tatu hakuandika kitu. Nyamizi akafagia yote, akajenga hifadhidata moja.

Sikilizeni alivyoijenga. Hakuigusa kwa mkono. Aliandika msimbo, akaeleza humo kila jedwali na safu zake: sampuli ina namba, ina kijiji, ina unyevu, ina rangi. Msimbo huo aliuita ramani. Kati ya msimbo na hifadhidata palikaa programu aliyoipa jina la Fundi. Fundi alizunguka nyumba nzima na ramani mkononi. Kilichochorwa na hakijajengwa, alijenga. Kilichojengwa na hakikuchorwa, alibomoa. Lakini hakuwa mkorofi, jamani. Kwanza aliandika orodha ya kazi anazotaka kufanya, akamngoja mwenye nyumba, yaani Nyamizi, aseme ndiyo.

Basi mwaka mmoja ikazuka fununu kwamba akina mama wa kikundi cha kijiji cha Igunguli wanachakachua asali, eti wanawalisha nyuki sukari. Fununu haina miguu ila inakimbia kuliko pikipiki. Waandaaji wa maonyesho ya asali wakatamka: bila barua ya maabara, Igunguli hawapati meza Jumamosi ya wiki inayofuata. Mwenyekiti wao, Mama Kabula, akaja mwenyewe na vichupa arobaini na nane, kimoja cha kila mzinga.

"Sikuja kuomba msaada," alisema. "Nimekuja mpime. Mkikuta sukari, mizinga naichoma kwa mkono wangu. Msipoikuta, nataka iandikwe, wanangu waache kuchekwa shuleni."

Kipimo cha kumaliza ubishi kilikuwa chavua, lile vumbi la maua. Nyuki aliyekwenda msituni hurudi nalo, aliyelishwa sukari kwenye sinia atalitoa wapi? Kuhesabu chavua kulikuwa kazi ya Mzee Shija, mtu wa hadubini, mzee mpole asiyependa kuharakishwa. Ila maabara ilikuwa haijawahi kuandika chavua, kwa hiyo kwenye jedwali la sampuli hapakuwa na safu yake.

Ijumaa jioni Mzee Shija akamfuata Nyamizi. "Mwanangu, niongezee safu moja tu. Jumatatu naanza kuhesabu."

Nyamizi alikuwa na mkoba begani, anakwenda harusini. Njia ya haki ilikuwa kuandika safu kwenye ramani, kumwita Fundi, kusoma orodha, kusema ndiyo. Dakika kumi. Yeye akaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata, akaiongeza safu kwa mkono, akamwonyesha mzee pa kujaza. Dakika moja. Akajiambia, "Kwenye ramani nitaiandika Jumatatu." Harusi ilinoga, alicheza mpaka viatu vikamshinda, na Jumatatu ikaja na kupita bila kukumbuka.

Mzee Shija akahesabu Jumatatu, akahesabu Jumanne, akamaliza Jumatano jioni, macho yakimtoka machozi. Alhamisi asubuhi mkuu wa maabara akataka rangi ya asali iandikwe kwa tarakimu badala ya maneno. Kazi ndogo. Nyamizi akabadilisha ramani, akamwita Fundi. Fundi akaleta orodha ya mistari miwili. Wa kwanza ulihusu rangi, akautambua. Wa pili hakuusoma. Akasema ndiyo.

Saa nne Mzee Shija akapiga hodi. "Nyamizi, zile hesabu zangu umezihamishia wapi?"

Nyamizi akaifungua tena ile orodha. Mstari wa pili ulisema: ondoa safu ya chavua. Akakimbilia nakala ya akiba, na nakala huchukuliwa kila Jumapili. Ya Jumapili iliyopita ilikuwa na safu, ndiyo, lakini tupu kama mtungi uliopasuka. Angeweza kusema kompyuta imegoma. Nani angejua? Mzee Shija mwenyewe kompyuta aliiogopa kama mbwa wa jirani. Nyamizi aliona aibu hata kwa kuwaza hilo.

"Mzee, nimezifuta mimi," alisema. "Siyo mashine. Safu niliiweka kwa mkono, kwenye ramani sikuichora. Fundi kaiona ngeni, kaniuliza, nami nikamruhusu bila kusoma."

Mzee Shija akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Zote arobaini na nane?"

"Zote. Nisamehe, Mzee."

"Na Mama Kabula anasimama mbele za watu keshokutwa."

"Najua. Nifundishe kuhesabu. Sitaondoka hapa."

"We mtoto!" Mzee akacheka ghafla, mpaka Nyamizi akashtuka. "Umenitia hasara ya macho, sasa unataka na yako? Vioo vya chavua bado vipo kwenye kabati, sivitupi mpaka barua itoke. Lakini siandiki hata namba moja kabla sijakiona chumba changu kwenye hiyo ramani yako. Andika, nikuone."

Nyamizi akaandika mstari mmoja kwenye msimbo: sampuli ina chavua, nayo ni namba. Akamwita Fundi. Orodha ilipokuja, mzee akasema, "Soma kwa sauti."

"Ongeza safu ya chavua kwenye jedwali la sampuli. Hakuna kingine."

"Soma tena."

Akasoma tena. Wenzao waliokuwa wamekusanyika mlangoni wakasoma pamoja naye kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Akasema ndiyo, na safu ikasimama. Watu wakapiga makofi kana kwamba wameezeka bati!

Hadubini zilikuwa tatu, na siku hiyo hazikupumzika, usiku wala mchana. Mzee Shija alipita nyuma ya kila mmoja, akionyesha chavua ya miti ya msituni, mtundu na muyombo, akisahihisha, akitania. "Hiyo uliyohesabu mara mbili ni kope yako, dada." Wengine walitoa vioo kabatini, mmoja alileta mihogo ya kuchoma, mkuu wa maabara akavua koti akakaa kuhesabu. Kila namba iliyoingia Nyamizi aliisoma kwa sauti, na kila kichupa kilipotoka na chavua tele ya msituni, chumba kizima kilipiga vigelegele, wanaume wakiwemo, na walivipiga vibaya kweli. Ijumaa saa kumi alasiri kichupa cha arobaini na nane kikaandikwa. Dalili ya sukari haikuonekana hata kwenye kimoja.

Jumamosi Nyamizi na Mzee Shija waliipeleka barua wenyewe. Mkuu wa maonyesho akaisoma kwenye kipaza sauti, kichupa kwa kichupa. Mama Kabula akasimama wima, machozi yanamtiririka na meno yote nje. Wenzake wakamnyanyua juu juu wakizunguka naye meza yao.

Aliposhushwa akawakumbatia wale wawili. "Wabeja sana, asanteni wanangu. Lakini mbona macho yenu mekundu hivi?"

Nyamizi angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alimweleza yote mbele ya watu: safu ya haraka, ramani isiyoandikwa, Fundi, na ile ndiyo aliyoitamka bila kusoma. Mama Kabula akasikiliza akiwa ameshika kiuno, kisha akaangua kicheko mpaka kitenge kikamlegea.

"Kwa hiyo hakuja mwizi?"

"Hakuja mtu, Mama. Ni mimi."

"Jamani, mmesikia?" Mama Kabula akawageukia watu. "Chumba kisicho kwenye ramani, mwenye nyumba hukibomoa mwenyewe!"