Ng'ombe wa Jina la Mkwe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, Jumanne moja ya mwezi wa Februari, saa tatu asubuhi, Sekela Mwaijande aliulizwa jina la mtoto wake na hakulitaja.

Aliyeuliza ni afisa wa uhamiaji, katika mji mmoja wa Marekani wenye theluji. Sekela alikuwa ameketi mbele ya meza yake, amekwisha kula kiapo. Mumewe, Lusajo, ambaye ni raia wa nchi ile, alikuwa amepelekwa chumba cha pili, ili majibu ya mke yalinganishwe na majibu ya mume. Sekela alikuwa akiomba kadi ya kijani, ile inayomruhusu mgeni aliyeolewa na raia kubaki.

"Mtoto wenu anaitwa nani?"

"Tunamwita Babu."

"Hilo ni jina la nyumbani. Jina lake hasa?"

Sekela akatazama mikono yake.

"Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Sekela akatazama mikono yake.

"Mumeo ni Lusajo nani?"

Sekela akatazama mikono yake.

Afisa akaweka kalamu chini. "Mama, mtoto huyu umemzaa wewe?"

"Nimemzaa."

"Na jina lake hulijui?"

"Nalijua."

"Basi litaje."

Hakulitaja.

Sasa sikilizeni sababu. Kwao Rungwe, katika nyumba aliyoolewa Sekela, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hapishani naye njiani, wala hatamki jina lake. Nyumba nyingine siku hizi zimelegeza. Nyumba ile haikulegeza. Mtoto wa kwanza alipozaliwa akapewa jina la babu yake, kwa hiyo mama mtu akashindwa kumwita mwanawe. Lusajo naye alibeba jina la baba yake kwenye pasipoti, kwa hiyo hata jina la mume likaishia nusu. Jina moja lilikuwa limefunga milango mitatu.

Kifungo hicho kina njia moja ya kuondolewa. Mkwe anaongoza ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe hadi kwa wazazi wa mwanamke, anasimama mbele yao, anasema, "Namfungua." Ng'ombe kwanza, jina baadaye. Sekela hakuwa amefunguliwa. Alikuja Marekani kusoma, Lusajo akamposa hukohuko, mahari ikapelekwa Rungwe wao wenyewe wakiwa mbali. Mkwewe hajawahi kumwona. Sekela alimjua kwa kikohozi tu, kile kilichosikika nyuma ya sauti ya mama mkwe kila walipopiga simu nyumbani.

Si kwamba hawakujiandaa. Walijiandaa mpaka wakachoka.

Lusajo alikuwa na dada yake mkubwa katika mji uleule, Nsubisi, mwalimu wa zamani. Nsubisi alikwisha kupita katika chumba kile miaka ya nyuma na kadi yake anayo. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja, akaketi jikoni, akavaa miwani, akageuka afisa.

"Nani analala upande wa ukutani?"

"Mimi," akasema Lusajo.

"Mimi," akasema Sekela.

"Mmeanza! Mtarudishwa mchana kweupe."

"Dada, kwani tunalala pamoja? Mimi natoka zamu, yeye anaingia. Kitanda kile tunapokezana kama wapangaji."

"Usimwambie afisa hivyo."

"Ndiyo ukweli."

"Hata ukweli huvalishwa nguo, Lusajo. Haya, jana mlikula nini?"

"Wali."

"Wali na nini?"

"Na usingizi."

Sekela alicheka, Nsubisi hakucheka. Akaendelea. Mlikutana wapi? Nani anaamka kwanza? Mswaki wa mumeo una rangi gani? Sekela alijibu akiwa bado na sare ya kazini. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Huko aliwaogesha baba za watu na kuwaita kwa majina yao ya kwanza, kama kazi ilivyotaka.

"Mtoto wenu anaitwa..." Nsubisi akasita. Wifi yake alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa. Nsubisi ni binti wa nyumba ile, anaijua. "Hilo tuliruke. Liko kwenye cheti cha kuzaliwa. Nani amuulize mama jina la mwanawe?"

Wakaliruka.

"Baba mkwe anaitwa... hilo nalo tuliruke."

Wakaliruka. Lusajo alikuwa amelala, shavu juu ya meza. Jumapili iliyofuata waliruka tena palepale, kama watu wanaojua shimo la njiani kwao.

Hivyo ndivyo Sekela alivyoingia katika chumba kile anajua rangi ya mswaki wa mumewe, na hawezi kutaja jina la mwanawe.

Wakapewa nafasi ya pili, mwezi wa Aprili. Wakaambiwa kwamba wakishindwa, ombi litakataliwa na Sekela ataondoka. Mtoto, kwa kuwa alizaliwa pale, angeweza kubaki. Mama asingeweza.

"Ni jina tu, Sekela," akasema Lusajo ndani ya gari.

"Ni jina tu?"

"Ni jina tu."

"Mwite mama yako kwa jina lake basi. Mpigie sasa hivi, mwite, nisikie."

Lusajo akawasha gari.

Jioni ile alipiga simu Rungwe. Mama yake akapokea, akasikiliza, akamgeukia mtu aliyekuwa karibu. Kikohozi kikasikika.

"Baba yako anasema alitaje. Amemruhusu."

"Basi yamekwisha, mama."

"Hayajakwisha. Ruhusa ya mdomo si ng'ombe. Akilitaja kabla ya ng'ombe, amemvua mkwewe nguo mbele ya watu. Na huyo atakayesikia ni mgeni kabisa."

Kikohozi tena.

"Anasema atampeleka ng'ombe mwenyewe. Goti likipoa."

Goti halikupoa mapema. Lilipopoa, ikaanza mvua, na mvua ya Rungwe haiulizi mtu ana miadi gani. Mzee alitoka na ng'ombe alfajiri ya siku ileile aliyoitwa Sekela. Kwa kawaida safari ile ni ya nusu siku: kushuka bondeni, kuvuka mto, kupanda hadi kwa Mzee Mwaijande, baba yake Sekela. Lakini mto ulikuwa umejaa na daraja la magogo limesombwa. Ng'ombe akakataa maji. Mzee akazunguka kutafuta kivuko cha juu. Giza likamkuta, akalala barazani kwa watu asiowajua, kamba ya ng'ombe imefungwa mkononi.

Habari hizo Sekela hakuwa nazo. Alikuwa ameketi ukumbini, akisubiri kuitwa. Nsubisi alikuwa amewasindikiza. Lusajo alipiga simu Rungwe, haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana.

"Wifi, vuta subira," akasema Nsubisi. "Huenda amekwisha kufika."

"Na kama hajafika?"

Afisa akafungua mlango, akaita jina la Sekela.

"Mtoto wenu anaitwa nani?"

Sekela akatazama mikono yake. Kisha akainua kichwa.

"Ambilikile."

Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kupita mdomoni mwake.

"Baba mkwe wako anaitwa nani?"

"Ambilikile."

"Na mumeo?"

"Lusajo Ambilikile."

Halafu akavuta mtandio, akajifunika uso, kama mwanamke aliyeingia chumbani na kumkuta mkwewe mle ndani.

Afisa hakufurahi. "Februari hukuyajua majibu haya. Aprili unayajua yote matatu. Nani amekufundisha?"

Akamwita Lusajo. Lusajo akaeleza habari ya mkwe, ya kifungo, ya ng'ombe. Afisa akasikiliza, akasema waume wengi huja na maelezo. Jina lililotakiwa lilikuwa limetajwa, na kutajwa kwake kukawa shaka mpya.

Ndipo Nsubisi akaomba kusikilizwa. Lusajo akamtazama, akatikisa kichwa. Alijua dada yake ana maombi ya uraia katika ofisi ileile, bado hayajajibiwa. Nsubisi akaingia hata hivyo.

"Aliyewafundisha ni mimi," akasema. "Jumapili baada ya Jumapili. Nimewafundisha kitanda, chakula, mswaki. Maswali ambayo sikuwafundisha ni hayo matatu tu. Tuliyaruka, kwa sababu mimi ni binti wa mzee huyo na ningeona aibu kumlazimisha wifi yangu. Sasa fikiri mwenyewe. Kama ndoa hii ingekuwa ya kupanga, ningeanza kuwafundisha nini? Si majina?"

Afisa akachukua kalamu. Akaandika. Akaliandika na jina la Nsubisi, akamtaka aonyeshe kadi yake, akainakili namba.

Asubuhi iliyofuata, Mzee Ambilikile alifika kwa Mzee Mwaijande, matope hadi magotini. Akamkabidhi kamba, akasema mbele ya watu wa nyumba ile, "Namfungua." Alikuwa hajui kwamba jina lake limekwisha kutajwa.

Mwezi wa Juni kadi ya Sekela ikafika kwa posta. Lusajo aliikuta kwenye sanduku alipotoka zamu. Akaiweka mezani, akaketi, akalala palepale.

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Haikuishia, kwa sababu ng'ombe alikuwa bado amefungwa kwa Mzee Mwaijande, na Mzee Mwaijande alikuwa na swali. Jumapili moja wakaunganishwa wote kwenye simu, Rungwe huku na Marekani kule, sauti ikiwa wazi chumbani. Sekela akakaa kwenye korido, mlango nusu wazi, maana mkwewe alikuwa upande wa pili wa simu na hakuna aliyekuwa na hakika kama amefunguliwa au la.

"Nauliza tu," akasema Mzee Mwaijande. "Ng'ombe huyu namlisha kwa niaba ya nani?"

Mama mkwe akawa wa kwanza. "Ni wa mzee mwenyewe. Jina lilitajwa ng'ombe akiwa ng'ambo ya mto. Mzee ametembea na goti lile, amelala kwenye baraza za watu, anafika kufungua, kumbe mlango umekwisha kuvunjwa. Asingekwenda yeye, mwanenu leo angeitwa mtovu wa adabu Rungwe nzima. Kwa haki angelipa faini. Hatutaki faini. Ng'ombe arudi."

Kutoka kwenye korido Sekela akasema, "Mwambie mama hivi." Lusajo akaifunika simu kwa kiganja. "Mwambie ruhusa ilitoka kwa mwenye jina. Ningengoja ng'ombe, ningemngojea uwanja wa ndege, mtoto wangu amebaki huku. Mzee alitoa ng'ombe. Mimi nilitoa heshima yangu bila kujua kama ng'ombe atafika. Aliyefunguliwa ni mimi, na ng'ombe ni wangu."

Lusajo akayafikisha kama yalivyo.

"Na mimi?" akauliza Nsubisi. "Jina lilitajwa, afisa hakuamini. Aliamini niliposema mimi. Wifi ana kadi. Baba ana jina lake. Mimi maombi yangu yako kimya tangu siku ile, na kila nikifungua sanduku la posta halina kitu. Nani amenipa hata kwato?"

"Dada, si ndiye wewe uliyesema tuliruke?"

"Na wewe ulikuwa wapi nikisema tuliruke? Ulikuwa umelala!"

"Nilikuwa nimetoka zamu."

"Kila mtu ametoka zamu, Lusajo."

Mzee Mwaijande akasema, "Tumsikie mwenye ng'ombe."

Kikohozi kikasikika. Mama mkwe akanong'ona naye, akarudi kwenye simu.

"Anasema amechoka. Anasema ninyi mlio kwenye simu mtaamua."

Hawakuamua. Salio la mtu mmoja likaisha, kisha la mwingine.

Jioni ileile Sekela alishuka uwanjani, mahali watoto wa jengo lao wanapocheza, kumwita mwanawe aje kuoga. Alisimama kwanza. Kisha akaita, "Ambilikile!"

Mtoto hakugeuka. Aliendelea kuchimba mchanga. Hakuwahi kulisikia jina lile kwa sauti ile, na alidhani anaitwa mwingine.

"Babu," akasema Sekela.

Mtoto akaja mbio.

Habari ya mwisho kutoka Rungwe ni ya mwezi wa Agosti. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mzee Mwaijande anamkamua kila asubuhi na maziwa anawagawia majirani, kwa sababu hajui anywe ya nani. Barua ya uraia ya Nsubisi haijafika.

Sasa ninyi mliosikiliza, msiseme nanyi mmechoka. Yuko mzee aliyevuka mto kwa goti bovu kwenda kufungua jina ambalo limekwisha kutajwa. Yuko mke aliyelitaja akiwa hajui kama amefunguliwa. Na yuko dada aliyewaponza wote wawili kwa kuruka swali, kisha akalitia shakani shauri lake mwenyewe ili kuwaokoa. Ng'ombe ni mmoja, na ndama wake bado ananyonya.

Je, nani alistahili?